Kihispania Changu Msimu wa Matufaha

27 Agosti

Daftari hili Efraín amepewa bure kwenye duka la dawa za miti. Kila ukurasa una picha ya tufaha jekundu pembeni, utadhani hatujayaona ya kutosha. Alinikabidhi akasema niandike humu yote ninayomsengenya, ayasome akistaafu. Mkwe wangu ana mdomo, lakini nimelipokea. Saa kumi na moja alfajiri yeye na binti yangu Maricruz wanakuwa wameshaondoka, yeye kwenda kwenye ngazi zake mashambani, Maricruz kwenye mkanda wa kiwanda cha kupakia matufaha. Mimi magoti yamenigomea, ngazi siiwezi tena. Nabaki na redio na sufuria ya maharage.

Leo shule zimefunguliwa. Mjukuu wangu Yareli ameingia darasa la nne, na bado yuko katika lile darasa la lugha mbili, asubuhi Kihispania, mchana Kiingereza. Amerudi alasiri, akatupa begi, akakaa mezani kunisimulia siku nzima kwa Kihispania kilekile nilichomfundisha mwenyewe tangu hajaota meno. Nani kamsukuma nani, nani kalia, chakula cha shule kilikuwaje. Niseme ukweli, naishi kwa ajili ya alasiri hiyo. Kiingereza sikijui. Binti yangu na mumewe wanarudi wamechoka, wanakula wamesinzia. Katika bonde hili lote huyu mtoto ndiye ninayeongea naye mpaka nikaridhika.

29 Agosti

Moshi. Misitu inaungua upande wa magharibi. Nimefunga madirisha.

3 Septemba

Moshi bado. Jua limekuwa jekundu kama pilipili iliyokaushwa. Efraín anachuma amejifunga kitambaa puani, wenye mashamba wanasema matufaha hayangoji.

5 Septemba

Leo wazazi tuliitwa kumwona mwalimu mpya. Anaitwa Sabela, ametoka Hispania kwenyewe. Ni msichana mwembamba, hajaolewa, na anaongea kama anayekimbizwa. Kila akitaka kutuambia "ninyi" anatumia lile neno ambalo sisi watu wa Meksiko tunalisikia kanisani tu, padri akisoma Injili. Nilikaa pale nikingoja atugawie komunyo. Maricruz alinifinya nisicheke.

Hata hivyo ana cheti kikubwa ukutani na madaftari ameyapanga vizuri. Nimejiambia kwamba mtoto akifundishwa Kihispania na Mhispania, atakishika mpaka kwenye mifupa. Nimerudi na moyo mweupe.

9 Septemba

Nilikuwa jikoni, nikamwita Yareli. Akaitika, "Nini?"

Kwetu mtoto akiitwa na mkubwa haitiki "nini". Anaitika "mande", yaani niagize. Mimi na uzee huu, mama yangu akifufuka akaniita, nitaitika mande kabla sijakumbuka kushtuka. Nikadhani mtoto hakutambua ni mimi, nikaita tena. Akaitika tena "nini", kwa upole kabisa, wala si kwa ujeuri.

Nikamketisha. Akanieleza kwamba mwalimu amewaambia mande ni neno la watumwa. Zamani Wahispania walipotutawala, tulikuwa tukisimama mbele yao tukingoja kuagizwa, na neno likatubakia mdomoni. Mtoto huru haitiki hivyo.

"Mwalimu mwenyewe katoka wapi?" nikamuuliza.

Akafikiri kidogo. "Hispania."

"Basi mwambie tumesikia. Bado wanatuagiza hata namna ya kuitika."

Efraín alicheka mpaka moshi ukampalia. Yareli hakucheka. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake hajaelewa, na huruma ile sikuipenda.

12 Septemba

Mvua kidogo. Moshi umeshuka. Maricruz karudi vidole vimevimba.

16 Septemba

Nilikuwa namsimulia Yareli kwamba kutwa nzima hakuna mtu aliyekuja. Kwetu Michoacán, huko Meksiko, tukitaka kusema "hakuna mtu" tunasema naiden. Yareli alikuwa anafanya hesabu. Hakuinua hata macho.

"Ni nadie, Bibi."

"Ndivyo nilivyosema."

"Hapana, umesema naiden. Hilo neno halipo."

Halipo. Mama yangu alikuwa nalo, bibi yangu alikuwa nalo, na kijiji kizima kilikuwa kikilitumia bila kuombana ruhusa. Nikasema, "Haya, mwalimu," nikaendelea kugeuza chapati zangu za mahindi. Lakini nilichoka ghafla, ikabidi nikae.

20 Septemba

Jana lilikuwa "truje", yaani nilileta. Leo "asina", yaani hivyo. Mtoto amekuwa askari wa barabarani, kila neno langu analisimamisha na kulikagua. Efraín ananiambia nisijali, eti hata yeye ameambiwa gari lake haliitwi "troca". Yeye anacheka tu. Yeye ana wenzake mashambani wanaosema troca kuanzia asubuhi hadi jioni.

21 Septemba

Nimepika nopales, yale majani ya mpungate. Hakuna jipya.

24 Septemba

Leo nimefurahi. Wamepewa kazi ya kumhoji mtu mzima nyumbani na kuandika hadithi yake, na Yareli amenichagua mimi. Alileta kiti mbele yangu, kalamu mkononi, akasema, "Bibi, nisimulie kitu cha kweli."

Nikamsimulia kisa cha cherehani. Babu yake, marehemu Refugio, aliponiposa aliapa kwamba sitashona kwa mkono tena. Akaenda kuifuata mashine ng'ambo ya mto, na alipokuwa anarudi maji yakawa yamejaa, daraja hakuna. Akaibeba kichwani, maji yakimfika kifuani, ng'ombe wa watu wanapita kando yake wamekufa. Akatoka upande wetu mzima, watu wakampigia makofi. Ndipo akagundua kwamba amebeba kichwa cha mashine tu, miguu na kanyagio ameviacha kulekule. Mwaka mzima nilishona nikizungusha gurudumu kwa mkono, na kila mgeni akiuliza, Refugio anasema ndizo mashine za kisasa.

Yareli alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Aliandika neno kwa neno kama nilivyotamka, akinisimamisha pale tu nilipokwenda mbio. Hakunisahihisha hata mara moja. Nilimtazama ulimi ukiwa umetokeza pembeni ya midomo, anaandika kijiji changu kwenye karatasi, nikajiambia kwamba hata nikifa kesho sijapotea bure.

27 Septemba

Matufaha mekundu yameanza. Efraín anasema mwaka huu ni makubwa kuliko kichwa chake. Nikamwambia basi ni makubwa kweli.

1 Oktoba

Hadithi imerudi.

Yareli hakutaka kunionyesha. Alipita moja kwa moja hadi chumbani, akafunga mlango. Begi lilikuwa mezani, karatasi imejitokeza nusu, nami kusoma najua. Nikaivuta.

Ilikuwa nyekundu tupu. Truje, duara. Asina, duara. Naiden, duara na mstari chini yake. Refugio naye maskini, kila alipofungua mdomo humo ndani alizungushiwa wino. Maneno aliyoniambia siku ile akiwa analowa maji, anatetemeka, ninayoyakumbuka kuliko viapo vya ndoa, juu yake pameandikwa mengine, safi, ambayo hakuyasema. Pembeni mwalimu aliandika kwamba hadithi ni nzuri sana, lugha ifanyiwe kazi. Na alama za chini.

Nikamfuata chumbani. Alikuwa amelala kifudifudi.

"Niliandika kama ulivyosema, Bibi," akasema ndani ya mto. "Ndiyo maana."

Nikamwambia tuiandike upya pamoja, nitasimulia polepole.

"Usijali. Naikumbuka. Nitaandika peke yangu vizuri."

Hakunisema vibaya. Aliongea kama mtu anayemwondolea mzee mzigo. Nikarudi jikoni, nikakuta maharage yameshika chini ya sufuria. Nimeona aibu leo. Sijaona aibu namna hii tangu nilipofika nchi hii, na hapa nimeona nyingi.

2 Oktoba

Baridi imeingia.

4 Oktoba

Yareli ameuliza kwa nini siongei. Nimesema koo linauma. Kabla ya kusema jambo lolote sasa nalipitisha kwanza kichwani, na likimaliza kupita, mtoto ameshaondoka mezani. Ameniletea asali ya koo.

8 Oktoba

Nimekwenda shuleni kwa miguu, magoti yakilalamika njia nzima, nimpe huyo Sabela za uso. Niliyapanga maneno yote njiani.

Alinipokea vizuri, akaniita Mama Hermelinda, akanipa kiti. Vile viti ni vya watoto, nikajikuta nimekaa magoti yakigusa kidevu, na ni vigumu kumgombeza mtu ukiwa umekaa hivyo. Nikamwambia tu kwamba amemzungushia wino mume wangu.

Hakubisha. Alisema mtihani wa serikali haulijui naiden. Asiposahihisha yeye sasa, atasahihisha mwingine mtoto akiwa msichana mkubwa, mbele za watu, na aibu itakuwa mara mbili. Alisema watoto wake wote wanaandika hivyo, na matokeo yao yakiwa mabaya tena, wakubwa watapata sababu ya kulifunga darasa. Sikuwa nimeyafikiria hayo.

Halafu, sijui kwa nini, nikamuuliza bibi yake yeye anaongeaje huko Hispania.

Akasema bibi yake anaongea Kigalisia, lugha ya sehemu zao, na shuleni yeye na wenzake waliambiwa ni lugha ya wachunga ng'ombe. Sasa bibi yuko kwenye nyumba ya wazee, na Kihispania kimeanza kumtoka, kinabaki Kigalisia tu.

"Naelewa kila anachosema," akaniambia. "Sijawahi kumjibu kwa lugha yake. Hata mara moja."

"Na bado unafanya hivi?"

"Sijui kufundisha namna nyingine, Mama Hermelinda."

Nilikwenda na hasira zangu zimejaa, nikarudi mikono mitupu. Ingekuwa rahisi zaidi kumchukia.

11 Oktoba

Lililosemwa na Sabela limefika. Mkuu wa shule ametuma ujumbe kwamba darasa la lugha mbili lina watoto wachache na linakula pesa, wakubwa wanataka kulifunga. Wazazi watasikilizwa tarehe ishirini na nne. Nikamwambia Maricruz twende sote, na Efraín, na majirani.

Maricruz alikuwa anapaka mikono mafuta. "Mama, mimi namtoa hata wasipolifunga."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Alisema kiwandani wametafuta msimamizi wa mkanda. Kazi anaijua kuliko wote pale, amewafundisha nusu yao. Wakampa msichana aliyekuja juzi kwa sababu anaweza kuandika ripoti kwa Kiingereza. Yareli alama zake za Kiingereza ni za chini, na sasa hata za Kihispania ni za chini, kwa hiyo anabaki na nini.

Nikamwambia anabaki na watu wake.

"Wewe unaogopa kukosa wa kuongea naye," akasema. "Mimi naogopa asije akasimama pale nilipo mimi. Tusidanganyane, Mama, kila mtu ana hofu yake."

"Na wewe kuongea alikufundisha nani? Mkanda?"

Nilisema hivyo. Akainuka mezani hajamaliza kula. Efraín akaanza mzaha wake, akauacha katikati.

12 Oktoba

Hatusemezani.

15 Oktoba

Mvua kutwa. Watu hawakuchuma.

18 Oktoba

Maricruz amerudi mapema, macho mekundu. Yule msimamizi mpya alimpa maelekezo kwa Kiingereza, naye akaitikia ndiyo bila kuelewa, kama tunavyofanya sote. Makreti ya shehena nzima yakaenda kusikotakiwa. Amesemwa mbele ya wenzake wote.

Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikamshika mikono nikaitumbukiza mwenyewe. Vidole vyake vimepinda kama vyangu, na mimi nina miaka mingapi zaidi yake. Hatukulizungumza lile la shule. Lakini nimemwelewa, na kumwelewa kumenifanya niwe peke yangu zaidi, maana sina tena hata mtu wa kumlaumu.

22 Oktoba

Najiandaa. Nitasimama niseme. Naisema sentensi yangu nikifagia, nikichagua maharage, nikioga. Sitaki hotuba. Nitawaambia kwamba wakifunga darasa hili, nyumbani kwangu hakutakuwa na mtu wa kuongea nami. Basi.

24 Oktoba

Nimetoka mkutanoni. Naandika yote sasa hivi, maana kesho nitaanza kuyapaka rangi.

Watu walikuwa wachache. Redio imetangaza baridi kali, na matufaha ya mwisho bado yako mitini, kwa hiyo baba za watu wote wako mashambani wakichuma kwa taa za matrekta. Efraín pia. Ukumbini tulikuwa akina mama kadhaa na watoto wanaolia, na mbele kwenye meza ndefu wale wakubwa wa shule na chupa zao za maji. Maricruz alikuja. Alikaa nyuma na koti lake la kiwandani, hakuvua.

Mkalimani walikuwa naye mmoja tu, naye hakutokea. Mkuu wa shule akauliza kama kuna mtoto anayeweza kusaidia. Yareli akanyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Amevaa gauni lake la komunyo, limeshambana mabegani. Akaja kusimama karibu nami, akanishika kiwiko kunisaidia kuinuka, nami nikajivuna, lazima niseme, nilijivuna.

Nilianza vizuri. Nikasema naitwa Hermelinda, ni bibi wa huyu hapa. Yareli akatafsiri, watu wakatabasamu. Nikasema mimi ndiye niliyemfundisha kuongea, wazazi wake wakiwa kazini. Akatafsiri. Nikasema, "Mkifunga darasa hili, nyumbani kwangu hakutakuwa na..."

Na hapo neno ndilo lile.

Yalikuja yote mawili kwa pamoja. Naiden lilitangulia, kama linavyotangulia siku zote, likasimama kwenye ulimi. Nikalimeza. Lile lingine nalijua, nalisikia redioni kila siku ya Mungu, lakini pale nilipolitafuta halikutoka, sikuwa hata na hakika linaanzaje. Nikamtazama Yareli. Alikuwa ananitazama mdomoni. Si kwa ubaya, alikuwa tayari kunisaidia, midomo yake imeshajipanga kulitamka kwa ajili yangu. Nyuma yake Sabela naye alikuwa ananitazama. Nikaona kwamba nikikosea hapa, mtoto atainamisha kichwa mbele ya walimu wake, na gauni lake hilo.

Ukumbi ulikuwa unangoja. Nikasema, "Nyumbani kwangu hakuna tatizo. Sote tuko salama. Tunaomba darasa liendelee. Asanteni."

Yareli akatafsiri. Wale wakubwa wakaandika kitu. Yule wa katikati akanijibu, na Yareli akaniambia kwamba wanashukuru sana kwa salamu zangu. Nikakaa.

Mama mmoja mwingine alisema kidogo, Sabela akasema mengi kwa Kiingereza. Nyuma Maricruz alikuwa anatazama sakafu. Kisha wakainua mikono, na darasa limefungwa. Kuanzia wiki ijayo watoto wote wataingia madarasa ya Kiingereza.

Kwenye gari hakuna aliyewasha redio. Yareli alikuwa kiti cha nyuma. Akaniegemea begani kutokea nyuma, akasema, "Bibi, umeongea vizuri. Hukukosea hata neno moja."

25 Oktoba

Barafu kwenye majani. Nimeumwa na kichwa.

28 Oktoba

Maricruz ameniuliza nilitaka kusema nini siku ile ya mkutano, maana aliona nimekwama. Nimemwambia nilisahau. Akasema nilipokwama yeye alisimama kule nyuma. Mimi sikumwona. Anasema alisimama bila kujua anasimama kufanya nini, akakaa tena.

Hatukuendelea. Lakini amenisukia nywele, kitu ambacho hajakifanya tangu akiwa msichana.

2 Novemba

Siku ya Wafu. Tumeweka meza ya marehemu pembeni ya jokofu, maana nafasi nyingine hakuna. Maua ya njano, mkate, chumvi, maji, picha ya Refugio na kofia yake. Yareli amerudi kutoka kwa wenzake wapya wa darasa, akasimama mbele ya picha akamsalimu babu yake kwa Kiingereza.

"Babu yako haelewi hicho," nikamwambia.

"Lakini amekufa, Bibi. Wafu si wanajua kila kitu?"

"Alipokuwa hai hata Kihispania alikitoa kwa kupima."

Akacheka. Kisha akaomba radhi kwa babu, akamsalimu upya kwa Kihispania. Kihispania safi kabisa, cha Sabela, hakuna pa kushika. Refugio angevua kofia akidhani amekuja mtu wa serikali.

6 Novemba

Sabela ameaga. Mkataba wake umekwisha pamoja na darasa. Alipita hapa na biskuti za kwao, akakaa jikoni, nikampa uji wa mahindi. Nikamuuliza atafanya nini akifika kwao. Alisema atakwenda kwa bibi yake, ajaribu. Nikamuuliza kama bibi bado anaongea. Akasema siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana.

Akinyanyuka kuondoka alinikumbatia. Yareli alikuwa ndani, akamuaga kwa Kiingereza kutoka chumbani, hakutoka.

7 Novemba

Msimu umekwisha. Ngazi zimelazwa.

13 Novemba

Yareli amekuja na msichana mwenzake, wanaongea chumbani na mlango umefungwa. Wamecheka sana. Zamani ningegonga niulize wanacheka nini. Nilisimama mlangoni na sahani ya matunda niliyoyakata, nikawa nasikiliza. Ni sauti yake, naijua hata katikati ya umati, lakini sikuambulia neno. Nilipogonga alifungua, akachukua sahani, nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Ah, ni mambo tu, Bibi, ni hadithi ndefu." Najua si ndefu. Ni kwamba kuitafsiri kunachosha, na mtoto amecheza kutwa.

Siku hizi ananijibu kwa Kihispania bado, lakini kifupi. Ndiyo. Hapana. Nimeshiba. Hanisahihishi tena. Nasema naiden makusudi nione, analipita kama hajalisikia. Nilikuwa nikidhani kusahihishwa ndiko kubaya.

19 Novemba

Kanisani Jumanne na Alhamisi kuna bibi mmoja mstaafu anafundisha watu wazima Kiingereza. Nimejiandikisha. Efraín anasema nikihitimu nitamgombeza kwa lugha mbili. Maricruz alinitafutia soksi nzito za kwendea.

28 Novemba

Theluji. Wote wako nyumbani, ni sikukuu yao ya shukrani, ya kula bata mzinga, nasi tumepika yetu.

Mchana kutwa nimeosha vyombo nikijisemea kimoyomoyo. Nilipomaliza kupika nikamwita Yareli, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba chakula kiko tayari, awe mwangalifu, ni cha moto. Nilisema yote bila kusimama. Maricruz akageuka na kijiko mkononi.

Yareli alifurahi kweli, macho yakamng'aa. Akanisogelea, akainama kidogo anitazame usoni, akanijibu kwa Kiingereza. Polepole, neno moja moja, kwa sauti ya juu, mikono ikionyesha sahani, ikionyesha tumbo, kama wanavyoongea nami wale wa duka la dawa wakiniona nimesimama mbele ya meza yao. Asante. Sana. Bibi. Umejitahidi. Sana.

Nilielewa kila neno. Ni mtoto mwema, na hivyo ndivyo watu wema wanavyoongea na mgeni. Nikampakulia, tukakaa, tukala.